Wifi Verna na Vidonge vya Nanasi

Jirani yetu Orrin Tillotson ndiye mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, katika bendi ya mji wetu hapa Connecticut. Asubuhi moja ya Juni aliamka upande mmoja wa uso umelala, kahawa ikamchuruzika hadi shingoni. Mkewe, Delphine, akadhani ni kiharusi, akamkimbiza hospitali. Kumbe ni ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe. Kupe alimuuma alipokuwa akifyeka kando ya ukuta wa mawe, tunakoumwa sote. Akapewa antibiotiki, akaonywa asiziache hata akijiona mzima.

Habari zikamfikia Verna, dada yake Orrin, huko Vermont. Akaja na kikapu cha chupa za vidonge: vimeng'enya vya nanasi na papai, vilevile vinavyolainisha nyama ngumu.

"Antibiotiki ni askari," alieleza mezani. "Vijidudu vimejifungia ndani. Hivi vinavunja mlango, askari wanaingia."

"Wifi, huo mlango umeuona wewe?" Delphine aliuliza.

"Na wewe hao askari umewaona?"

Delphine akamwambia kwamba mumewe si nyama ya kulainishwa. Orrin, mpenda amani, alikubaliana na mkewe mchana, kisha akavimeza vidonge vya dadaye kwa siri.

Wiki haikuisha. Alijikata kidogo akinyoa, damu ikagoma kukatika. Taulo zikalowa, siri ikatoka. Daktari Kessler alimsikiliza, akashusha pumzi.

"Sina ushahidi kwamba hivi vinasaidia," alisema. "Tena wewe unameza dawa ya moyo inayofanya damu kuwa nyepesi. Hivi vinaweza kuizidishia nguvu. Viache. Antibiotiki endelea nazo."

Delphine alirudi nyumbani na maneno yake yote tayari mdomoni. Akamkuta wifi yake jikoni anafunga kikapu, macho mekundu.

"Nilipoumwa mimi," Verna alisema, "madaktari waliniambia maumivu nayawaza tu. Aliyenipa hivi vidonge ndiye wa kwanza kuniamini."

Delphine akakisogeza kikapu kando. Akavuta kiti, akakaa. Baadaye akamwomba abaki, amsimamie Orrin na dawa zake mpaka ziishe.

Hapo Orrin alikiona cha moto. Verna alimfuata na glasi ya maji hadi bustanini, akampokonya maziwa saa ya dawa ikikaribia, yasije yakaidhoofisha, akamkagua chini ya ulimi kama mtoto. Sikukuu ya Uhuru ya Julai ilipofika, midomo yake ilikuwa bado haijaweza kupuliza tuba. Alipita barabarani na bendi akigonga matoazi, anacheka kwa nusu ya uso, na watu wakampigia makofi mengi kuliko mwaka wowote.

Nusu ya pili ilirudi polepole, kabla mahindi hayajaiva. Verna anadai ni vile vidonge vichache alivyowahi kumeza Orrin.

"Haya, wifi," Delphine humjibu, "mlango uliuvunja wewe. Sasa kula."