Milimita Mbili za Pindo

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu jioni, fundi cherehani alikuwa sebuleni, gauni la harusi la bintiye mapajani, akitazama tamthilia aliyoipenda kuliko zote. Ilimhusu Meneja, mtu aliyepanga kalamu zake kwa urefu na kurudisha barua za katibu wake mpaka katibu akalia. Msimu uliopita hakwenda hata kumzika mama yake, kwa sababu ripoti ilikuwa haijanyooka. Watu walimcheka. Fundi alimwelewa.

Jioni hiyo Meneja aliacha sentensi katikati, akatoka kwenye televisheni, mguu wa kulia kwanza. Akavua viatu na kuvipanga mlangoni.

"Samahani, mama. Pindo hilo limepishana milimita mbili."

Fundi akapima. Kweli. Akamvutia mgeni kiti, wakaanza kufumua.

Binti aliporudi kutoka kazini alimwamkia Meneja, akateleka chai ya watu watatu. Harusi ilikuwa Jumamosi.

"Mama, limetosha. Nipe nijaribu."

"Bado, mwanangu. Nataka uvae kitu kisicho na kasoro."

"Mimi nataka uje tu."

"Sasa nitaachaje kuja?"

Jumanne walishona, wakafumua. Jumatano vilevile, na kitambaa kikaanza kuchoka. Ndani ya televisheni kiti cha Meneja kilikuwa kitupu. Wafanyakazi wake wakawa wanatoka mapema, katibu akaanza kuimba, na watazamaji wakapiga simu kituoni kusema tamthilia imenoga. Alhamisi Meneja alichoka, akasema labda waliache hivyo. Fundi akamwonyesha uzi mmoja uliolegea, akashika mkasi mwenyewe.

Jumamosi binti alivaa gauni la kuazima kwa wifi yake.

"Mama, gari liko nje."

"Tangulieni. Huu mshono mmoja tu, nakuja."

Binti alimbusu shavuni, akamwomba Meneja amkumbushe. Meneja akaliandika jambo hilo kwenye orodha yake, namba kumi na saba, kwa mwandiko safi sana. Walikuwa wamefika namba nne.

Saa nane mchana televisheni, kwa kuwa haikuwa na Meneja wa kumwonyesha, ilionyesha harusi. Bwana harusi alikuwa akitoa jasho. Kiti kimoja cha mbele kilikuwa kitupu, na binti alikuwa akigeuka kutazama mlango. Fundi alisogea hadi karibu na kioo. Alimpenda mtoto huyu kuliko pumzi yake.

"Unaona?" alisema. "Bega la kushoto limeshuka."

"Nimeona," alisema Meneja. "Nusu inchi."

Binti akageukia mlango mara ya tatu. Fundi akapangusa machozi yasidondokee kitambaa, akarudi kwenye kiti chake, akaomba pini.