Washa Tochi

Kosa la kwanza lilikuwa jina, na hapo hakuna wa kunibishia. Kile kifaa kina jina refu walilokuja nalo waliokileta, lakini mafundi wa kiwanda kile nje kidogo ya Tororo wakaona linawachosha mdomo, wakakiita tochi. Tochi! Kitu kinachotema moto wa umeme hadi madini ya chuma yanalegea, mtu anakipa jina la kile cha kumulikia chooni!

Zamani tanuru lilichoma madini kwa mafuta mazito, na moshi ulitua kwenye mihogo ya watu hadi kijiji cha Mwello. Siku hizi mafuta ya mbono ndiyo yanayolipasha kwanza, kisha tochi inamalizia. Moshi umepungua kweli, tusiwanyime haki yao. Ila Patience, anayebonyeza vitufe kwenye chumba cha mitambo, hakuwahi kuipenda ile tochi. Mafuta mazito yalinguruma kabla ya kuunguza, ukasikia na kukimbia. Hii ilikuwa kimya, kisha moto.

Wiki ya kwanza tu, Obore, msimamizi wa zamu, alimtuma Sam akaangalie tochi ina nini. Sam akarudi na yake ya mkononi, anaigongagonga kiganjani.

"Bosi, hii ni betri tu."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Patience naye alicheka, halafu akaacha.

"Tuibadilishie jina," alisema. "Iko siku mtu ataumia."

Obore akamwambia aache uoga wa kike. Mdomo wa yule bwana!

Sasa asubuhi moja tanuru lilikuwa limezimwa na kupoa, kwa sababu matofali ya ndani yalikuwa yamelegea. Wa kuingia kuyakagua alikuwa Bwire, kaka yake Patience, tumbo moja, yeye ndiye aliyemtoa dada yake kwao Majanji na kumwombea kazi hapo. Sam angesimama mlangoni pa tanuru ammulikie. Na sheria ilikuwa wazi: anayeingia anabeba ufunguo wa ile tochi kubwa mfukoni mwake, maana bila ufunguo haiwaki.

Bwire alipita chumba cha mitambo akijipapasa suruali.

"Mfuko umetoboka. Dada, nishikie ufunguo, usianguke huko ndani."

"Si uufunge na kamba, ukae nao?"

"Ukiwa kwako si ni kama uko kwangu?" Akacheka, akaenda.

Moyo ulimkatalia Patience, lakini mkono ulikuwa umeshapokea.

Haukupita muda Obore akaingia akitokwa na jasho. Wageni walikuwa njiani, wanakuja kuonyeshwa kiwanda kisicho na moshi, na tanuru bado baridi.

"Chomeka ufunguo kabisa. Leo hatungoji mbono; akitoka ataita kwenye redio, unawasha."

Patience akauchomeka bila kuuzungusha. Wote wawili wakawa wanaitazama redio.

Ikakoroma. "Washa tochi!"

Ilikuwa sauti ya Bwire. Patience akabonyeza kujibu: "Kaka, umetoka?"

Mkoromo tu. Katikati ya chuma kile redio hazisikilizani vizuri. Kisha sauti ikarudi, kali, ya mtu aliyechoka kungoja: "Washa tochi, bwana!"

"Si umemsikia kaka yako mwenyewe?" alifoka Obore. "Unangoja nini?"

Patience akazungusha ufunguo, akabonyeza.

Taa ya kijani ikawaka mezani. Hapo mlango ukasukumwa, Sam akaingia anahema, tochi yake ya mkononi imezima.

"Patience, nisaidie betri haraka. Hii imenifia, nimemwacha Bwire gizani huko ndani, anapiga kelele hadi kwenye redio niwashe."

Banange! Patience aliurudisha ufunguo kwa nguvu hadi ukakatikia mkononi, akainyakua redio, akaita, "Kaka! Bwire! Kaka!" Akaachia kitufe asikilize. Redio haikukoroma tena.