Sanduku la Doha

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, sanduku jipya la buluu lilikuwa limesimamishwa katikati ya sebule ya Ami Muhidin, mtaani Free Area, Nakuru, mahali ambapo kila mgeni angelazimika kulizunguka. Kuluthum alishika mpini wake ili alisogeze, nusura limrukie usoni. Ndani hamkuwa na kitu, hata soksi.

Watu walikuwa wamealikwa dua ya safari. Sufyan, mdogo wake Kuluthum, alikuwa anakwenda Doha kufanya kazi ya udereva. Ndivyo Ami alivyotangaza msikitini, na ndivyo walivyoamini wanawake waliokuwa wakipakua pilau uani. Kweli yenyewe ni kwamba Sufyan alikuwa mlevi kwa mwaka wa sita sasa, na gari lililotarajiwa adhuhuri lingempeleka Subukia, nje ya mji, kwenye kituo cha kurekebisha waraibu. Ami alikichagua kwa sababu kina ukuta mrefu na hakuna mtu wa msikiti wao anayepita njia ile.

Alhamisi Kuluthum alikwenda kukiona. Alikuwa mwalimu wa kemia. Hakwenda kutazama ukuta. Meneja, mtu mnene aitwaye Kinyanjui, alimkaribisha chai.

"Hapa tisini kwa mia wanapona, madam."

"Tisini kwa mia ya nani?"

"Ya wale wanamaliza."

"Na wasiomaliza?"

"Hao si hawakumaliza."

Akauliza daktari yuko wapi. Huja Jumanne, akajibiwa. Na mtu akishikwa na degedege Jumatano?

"Tunamshika, tunamwombea, tunapigia familia."

Swali hilo lilikuwa na asili yake. Ramadhani iliyopita Sufyan aliacha pombe ghafla. Siku ya pili akaanguka jikoni, povu mdomoni, kichwa kikigonga sakafu. Daktari wa zamu alieleza bila kuzunguka: mwili uliozoea pombe kwa miaka, ukinyimwa kwa mara moja, unaweza kupatwa na degedege, na degedege hilo linaua. Asiachishwe tena bila mtu wa tiba kando yake. Ami alikuwa amesimama palepale. Walipofika nyumbani akawaambia majirani kuwa saumu imemlemea kijana.

Mjini Nakuru kulikuwa na kituo kingine, chenye maafisa wa kliniki usiku na mchana. Kuluthum alimweleza Ami jioni ileile ya Alhamisi.

"Mjini?" Ami alisema. "Mtu yuko Doha, halafu achungulie dirishani Nakuru?"

Sasa Sufyan aliletwa sebuleni, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Akakalishwa kando ya sanduku na kupewa kikombe cha kahawa. Kahawa ikamwagikia kanzu. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, ikamwagika tena.

"Masikini, anaogopa ndege!" alisema Mama Sundus, jirani, na watu wakacheka. "Baba, tetemeka hukuhuku, Doha hutapata nafasi. Kule ni joto."

Kuluthum hakucheka. Asubuhi ilikuwa ya baridi, wanaume wengine wamevaa makoti, na jasho lilikuwa likimtiririka Sufyan hadi kwenye kidevu.

"Ulikunywa lini mara ya mwisho?" alimwuliza. Hakupunguza sauti.



"Kuluthum," Ami alisema.

"Nimemwuliza yeye, Ami."

"Juzi usiku," Sufyan alisema. "Jana alfajiri nilifungiwa chumba cha nyuma. Ami alisema wageni watasikia harufu."

Kuluthum akalinyanyua sanduku kwa kidole kimoja, akalifungua zipu na kulilaza wazi juu ya mkeka.

"Hakuna Doha," alisema. "Ndugu yangu ni mlevi, na anapelekwa Subukia akafichwe."

"Umetuvua nguo mbele za watu!"

"Ulimsikia daktari, Ami. Ulisimama nilipokuwa nimesimama mimi. Alisema anaweza kufa. Wewe ukaenda kununua sanduku."

 Kuluthum akamgeukia mdogo wake. Wiki tatu nzima watu wa nyumbani walikuwa wamejadili kituo cha Sufyan, na hakuna aliyemwuliza Sufyan.

"Wewe unataka kwenda wapi?"

"Penye daktari," alisema. "Na nisifungiwe tena."

Ami alikuwa amekwisha kuuziba mlango. Aliyeinuka wa kwanza alikuwa Mama Sundus, mkono mmoja bado una wali.

"Muhidin, toka mlangoni. Gari langu liko nje."

Ami akapisha.

Kwenye kituo cha mjini, afisa wa kliniki aitwaye Chepkurui alimlaza Sufyan kitandani, akamfunga kipimo cha presha mkononi.

"Jina lake? La kweli, ama lile la kuficha aibu? Wiki hii nina John Nairobi wawili."

"Sufyan Salmin," Kuluthum alisema, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, waliokaa kwenye benchi walisikia vizuri.

Presha ilikuwa juu mno. Chepkurui alikuwa bado anavuta dawa kwenye bomba la sindano wakati shingo ya Sufyan ilipokakamaa, macho yakageuka, na kitanda kikaanza kugonga ukuta. Alimlaza kwa ubavu, akamdunga. Kitanda kikatulia.

Simu ya Kuluthum ikalia. Alikuwa Ami.

"Mmefika?"

"Tumefika. Ameshikwa na degedege sasa hivi."



"Kuna mtu amewaona mkiingia?"

Kuluthum aliwatazama watu wa kwenye benchi. Nao walikuwa wakimtazama.

"Wote," alisema, akakata simu.

Saa saba na nusu Sufyan alifumbua macho, akaomba maji. Chepkurui alimkalisha, akampa kwa kijiko.