Cherehani ya Kavata na Utafiti wa Bwana Mwau

Mkopo wa kikundi chetu ulitoka Oktoba, mvua ikinukia hapa Migwani, na kampuni ya mikopo ikatuambia tununue mbegu za ndengu. Ndengu huchukua miezi mitatu. Malipo yalianza Alhamisi iliyofuata. Pengine huko makao makuu wana ndengu za kuiva kwa siku saba. Mimi nimelima miaka thelathini na sijaziona.

Basi tukafanya kama akina mama wenye akili zao. Nusu ya mkopo tulinunulia mbegu, nusu tukaificha kwenye mkebe, tuwe tunawarudishia pesa zao wenyewe, na riba juu. Wiki nane hatukuchelewa hata siku moja. Kimeu, afisa wa mikopo, alipewa cheti cha tawi bora, akakitundika ukutani. Wiki ya tisa mkebe ukabaki mtupu.

Sheria ya kikundi ni kwamba mmoja akikosa, wote wamekosa. Lakini pikipiki ya Kimeu haibebi wote, kwa hiyo alichagua kilichobebeka: cherehani ya Kavata, mjane aliyekuwa na oda ya sare arobaini za shule, za Januari.

"Afisa, si hiyo mashine ndiyo italipa hiyo deni?" Kavata alimwuliza. "Ngojea tu shule zifunguliwe."

"Mama, mimi nafuata sistimu," Kimeu alisema. "Mwenyekiti, weka sahihi hapa."

Mwenyekiti ni mimi, Muthoki. Nikaweka. Nilijiambia afadhali cherehani yake kuliko ng'ombe wangu, na hadi leo naona haya kulisema.

Januari tawi bora likawa la mwisho, na makao makuu wakamtuma mtaalamu, Bwana Mwau, achunguze kilicholiangusha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikuja na fomu ya kurasa sita na kalamu tatu.

"Mama, kwa nini wateja hawalipi?" alimwuliza Kavata.

"Ndengu bado iko shambani. Na mashine yangu mko nayo."

Mwau alitafuta ndengu kwenye fomu, asione kisanduku chake. Akatia alama kwenye "elimu duni" na "ukosefu wa vifaa", akanywa chai yetu, akaenda.

Februari tulivuna, tukalipa deni lote. Kavata akaomba cherehani yake. Aliambiwa ilishahesabiwa kuwa mali ya kampuni. Sare zake zilikuwa zimeshonwa na fundi mwingine mjini Mwingi, na mwanawe Mutisya alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Machi, Kimeu alituita ofisini atusomee matokeo ya utafiti. Tawi lilianguka, alisema, kwa sababu wateja hawana vifaa vya kazi. Hakuna aliyecheka. Kwa hivyo kampuni, kwa huruma yake, imeleta mkopo wa vifaa. Akafungua stoo. Cherehani ya kwanza ilikuwa na kanyagio lililofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, fundo la marehemu mume wa Kavata.

Kavata aliligusa lile fundo. Nilitamani kumpiga Kimeu kwa cheti chake.

"Elfu kumi na nane tu," Kimeu alisema. "Nani anaweka dhamana?"

Nikachukua kalamu. Safari hii niliandika ng'ombe wangu. Malipo yanaanza Alhamisi.