Jioni Tisa za Kumkataa Wepukhulu

Khamala hakujaliwa kusema hapana. Ukimwomba msumeno alikupa, ukirudi kuomba tupa ya kuunolea alikupa pia, na ukikaa nao mwaka mzima alikusalimia kwa aibu kana kwamba yeye ndiye aliyeuazima. Kila asubuhi alitembea kutoka Kianda hadi Kawangware kuwatengenezea watu vitanda. Jioni alirudi kwenye chumba chake kimoja na kumkuta Wepukhulu ameshajinyoosha kwenye benchi, kichwa juu ya mto wa pekee wa nyumba ile.

Wepukhulu alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Khamala. Alikuja kutoka Bungoma mwaka wa 1977 kutafuta kazi, kwa siku tatu. Sasa ilikuwa Desemba ya 1979, na kazi ilikuwa bado inatafutwa. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Aliimba vizuri, alimbeba Wakoli mtoto wa Khamala mabegani mpaka dukani, na chochote alichowekewa mezani alikila na kukisifu. Mtu mbaya unaweza kumfukuza, lakini huyu unamwanzia wapi?

"Anzia mlangoni," alisema Nasipwondi, mke wa Khamala. "Baba Wakoli, nimechoka kuvaa nguo nyuma ya pazia kwa nyumba yangu. Krismasi ikimkuta huyu hapa, mimi na mtoto itatukuta kwa mamangu Kimilili." Nasipwondi hakuwa na tabia ya kusema kitu mara mbili, na mumewe alilijua hilo.

Wiki hiyohiyo Padre Eusebio aliita mkutano wa jumuiya. Padre alikuwa Mmeksiko mfupi, mwenye haraka, aliyejifunzia Kiswahili sokoni Kawangware na hakuogopa kukitumia. Alieleza desturi ya kwao. Jioni tisa za kungojea Krismasi, watu hutembea na mishumaa nyumba kwa nyumba, Yosefu na Maria mbele, wakiimba kuomba malazi. Wenye nyumba hujibu kutoka ndani kwamba hakuna nafasi, waende zao, labda wao ni wezi. Jioni ya tisa mlango mmoja hufunguliwa, watu wote huingia na kula, kisha chungu kilichopambwa kwa karatasi za rangi, chenye pembe saba za dhambi saba, hutundikwa na kupigwa fimbo mpaka kimwage peremende. Mapadre wa zamani waliianzisha karibu miaka mia nne iliyopita, jioni moja kwa kila mwezi wa mimba ya Maria, na tangu hapo Meksiko haijapumzika mwezi wa Desemba.

Chungu kilipendwa sana. Wepukhulu alipewa Yosefu kwa ajili ya sauti yake, na Amolo, msichana mshona nguo, akapewa Maria. Shida ilikuwa mtu wa kukataa. Wazee walikohoa. Mama Nabalayo, mwenyekiti, alisema kumfukuza mama mjamzito mlangoni, hata kwa mchezo, ni kujitafutia mkosi. Ndipo Nasipwondi akainua mkono.

"Bwanangu atakataa," alisema. "Anahitaji mazoezi."

Jioni ya kwanza Yosefu alibisha kwa Khamala, akaimba, na Khamala akafungua mlango wote. "Karibuni," alisema. "Chai iko." Padre akashika kichwa. Waliporudia, Khamala alisema hakuna nafasi, akaongeza pole, kisha akauliza kama Maria angependa angalau kiti.

Jioni ya pili alifumba macho, ikawa afadhali. Ya tatu akagundua kwamba ukiwa nyuma ya mlango uliofungwa, ulimi unakuwa mwepesi. Ya nne akajisikia akitunga maneno yake mwenyewe. "Nyinyi watu mmekaa sana," alifoka. "Si mlisema ni siku tatu?" Watu wakapiga makofi, na Khamala akasikia utamu ambao hakuwa ameusikia tangu azaliwe.

Taabu ni kwamba msafara ukiisha, Yosefu aliingia kwa mlango uleule aliofukuzwa, kwa sababu ndipo alipokuwa anakaa. Alichukua mto wake, ambao Amolo aliufunga tumboni kuwa mimba ya Maria, akajinyoosha kwenye benchi, na chakula kilipokuja akaanza kumkosoa mwenye nyumba.

"Leo umejaribu, ndugu yangu, lakini hasira haijatosha," alisema huku akimega ugali. "Ukisema toka, ni kama unaniomba. Lakini hiyo ya siku tatu ni kali. Uirudie kesho."

Nasipwondi alimtazama mumewe. Khamala aliutazama ugali.

Aliirudia kesho yake, na keshokutwa akaongeza lawama ya benchi, ya sabuni na ya soksi. Kila neno lililomkaa kooni miaka miwili alilitoa kwa sauti mbele ya watu arobaini na mishumaa yao, na watu wakaanza kuja kutoka mtaa wa Makina kumsikiliza. Wepukhulu alimpongeza kila jioni, kisha akalala usingizi mzito.

Jioni ya nane Padre alimvuta Khamala pembeni. Mlango wa kufunguliwa ulikuwa uwe wa Mama Nabalayo, lakini Padre alikuwa amebadili mawazo. "Mtu aliyekataa namna hii," alisema, "siku akikubali, watu watalia. Kesho wewe utasema: ingieni, nyumba hii ni yenu." Khamala alitaka kumwambia Padre hapana. Alimwambia sawa.

Siku iliyofuata, kule Kawangware, alipiga randa ubao mmoja mpaka ukafaa kuwa rula. Kumkaribisha Wepukhulu mbele ya watu arobaini, Padre akiwa shahidi, na Krismasi ni kesho! Aliporudi nyumbani, sanduku la Nasipwondi lilikuwa limefungwa kamba na kusimamishwa kando ya kitanda.

Yosefu alibisha, akaimba vizuri kuliko jioni zote. Khamala akaufungua mlango kidogo.

"Hakuna nafasi," alisema.

Padre alikohoa. "Ni ile nyingine," alimnong'oneza.

"Hakuna nafasi, Wepukhulu," alisema Khamala, polepole, bila kuimba. "Nyumba ni ndogo. Utafute kwako."

Hakuna aliyepiga makofi. Wepukhulu alibaki ameshika fimbo ya Yosefu, uso umemshuka. Amolo alianza kulia, na mto ukamteleza hadi magotini. Mama Nabalayo aliwakumbusha walio karibu kwamba yeye alisema mapema habari ya mkosi.

Ghafla Khamala alisukumwa kando. Nasipwondi alikuwa amechungulia nje, akamwona Amolo, mtoto wa wenyewe, akilia kwenye baridi, na jumuiya nzima ikitazama nyumba yake inavyofukuza wageni mkesha wa Krismasi. Aibu ilimshika mpaka masikioni. "Hata mimi niko na mlango hapa," alisema, akaufungua mpaka ukagonga ukuta. "Ingieni. Nyumba hii ni yenu." Watu arobaini wakaingia kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Pazia liling'oka, na Padre akakalia sanduku la Kimilili.

Wepukhulu hakuingia. Khamala alimkuta kando ya mtaro, bado amevaa shuka la Yosefu. Miaka miwili hakuwahi kumwona akikosa la kusema, na ilimuuma kumwona hivyo.

"Kaka," Wepukhulu alisema mwishowe. "Hiyo ya leo. Ulikuwa unaigiza?"

Jibu lilikuwa tayari kinywani, fupi, la jioni tisa za mazoezi. Ndani ya nyumba chungu kilipasuka na watoto wakapiga kelele.

"Nilikuwa naigiza," alisema.

Wepukhulu alimtazama. Kisha akamshika bega.

"Basi leo umeweza," alisema. "Leo hasira imetosha." Akatangulia kuingia, akiuliza kwa sauti kama kuna mtu amemwekea nyama.