Kiongozi Mpya

Tangu asubuhi Mama Nyaya, fundi wa kompyuta, hakutulia. Alikuwa amemaliza kuunganisha seva tatu za hospitali, kila moja ikiwa na kumbukumbu zote za wagonjwa, ili moja ikifa nyingine ziendelee na kazi. Zote zilikuwa zinawaka, ila hakuwa amezijaribu.

Akaenda dirisha la dawa, kwa wifi yake mfamasia. "Wifi, nataka kuzima seva moja sasa hivi."

"Na foleni hii? Kaka yangu alikuoa uje utuue?"

"Bora ife nikiiangalia kuliko ife nimelala."

Wifi akakubali shingo upande. Mama Nyaya akarudi chumba cha seva, akachomoa waya wa ile iliyokuwa kiongozi, yaani inayopokea kazi zote na kuzigawia nyingine. Simu ikaita papo hapo.

"Skrini imeganda, na nina mtoto mgonjwa hapa dirishani!" wifi akalalama.

"Subiri, zilizobaki zinachagua kiongozi."

"Uchaguzi tena? Si tutakesha!"

Mama Nyaya akakazia macho taa za seva mbili zilizobaki.

"Haya, imerudi," wifi akasema. "Mtoto yupo, dozi yake ipo."

Mama Nyaya alitaka kushusha pumzi, lakini macho yake yalifuata nyaya hadi ukutani. Seva zote tatu zilikula umeme wa soketi moja. Ikiungua hiyo, hakuna wa kumchagua mwenzake.

"Wifi, stoo yako ina nafasi?"

"Unahamia?"

"Seva moja inahamia kwako, nyingine maabara. Leo hii."

Akakata simu, akaenda kutafuta kitoroli.