Kizunguzungu cha Mama Hanna

Mara ya kwanza Eunike alianguka sokoni Tengeru, mchana kweupe, mkungu wa ndizi ukamfuata chini. Alikuwa ameinua uso tu kumwitikia mtu salamu, dunia ikazunguka. Kabla hajajikung'uta vumbi, habari ilishafika kanisani: Mama Hanna anakunywa pombe ya ndizi, tena asubuhi!

"Ni shingo," alijitetea. Alikuwa amebeba magunia ya kahawa kwenye shamba la Mgiriki tangu usichana, gunia mgongoni, mkanda wa ngozi utosini, mpaka shingo ikakakamaa. Hata dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, aliibonyeza akamwambia aache mizigo.

"Shingo na kuyumba wapi na wapi?" Tabitha, jirani yake, aliwavunja wenzake mbavu kule mtoni. "Mbona sisi tunabeba na hatuyumbi? Labda shingo yake ina kiu!"

Wazee wa kanisa wakamtenga. Hakuna meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika. Eunike akakaza: hatubu dhambi asiyoitenda. Akakaza hivyo hivyo, mpaka bintiye Hanna alipoposwa, na mzee Ephraimu akaja kusema kwamba mama aliyetengwa hawezi kumsindikiza bibi harusi kanisani.

"Mama, sema tu," Hanna akalia. "Neno moja."

"La uongo?"

"Wakwe wanangoja kusikia, mama."

Jumapili Eunike akasimama, mikono imeng'ang'ania benchi, akakiri ulevi. Mchana nyumba ikafurika. Walikuja wale wale, na vibuyu vya maziwa.

"Tuambie sasa, mwenzetu," Tabitha akasema, "ulikuwa unaificha wapi? Tumepekua mpaka migombani!"

Wakacheka. Naye akacheka, maana ni muda mrefu hakuna aliyekanyaga pale.

Siku ya harusi alikaa benchi la mbele. Kinanda kilipolia, akageuka nyuma amwone mwanawe akiingia. Shingo ikamchoma, kuta zikazunguka, akaenda chini na gauni lake jipya.

Hakuna aliyeshtuka. Mzee Ephraimu alitikisa kichwa tu. Si alikiri mwenyewe?

Hanna akapiga magoti kando yake, shela limeanguka mabegani. Eunike akanyoosha mkono ainuliwe. Binti hakuushika. Aliinama karibu, karibu kabisa, akamnusa mdomo.